Volti Hasi Hazitakanyaga Ruiru

Pampu mpya ya maji ya Makongeni itapokea volti hamsini badala ya tano, alitangaza Ijumaa Mheshimiwa Ephantus Kang'ethe, mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Maji ya Kidijitali ya Thika na Ruiru. Alinena hivi, akiwa kando ya kitu kirefu kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu:

"Waheshimiwa, maaskofu, machifu, madiwani wa sasa, wa zamani na wanaotamani, viongozi wa vijana wenye umri wowote, akina mama, na wewe Ngigi unayetazama simu, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Umeshauliza!)

"Mimi, baada ya benchmarking, yaani ziara ya kina ya mafunzo, katika hoteli ile ya maporomoko ya Chania, nimegundua siri mliyofichwa na walionitangulia, kwamba kompyuta hujua tarakimu tu, pampu husikia volti tu, na katikati lazima kuwe na kigeuzi, yaani mkalimani anayepokea tarakimu na kutoa volti, naye wetu anatoa sifuri hadi tano ilhali pampu yataka sifuri hadi kumi ndipo ikimbie kwa kasi yote. (Mama Idah, muuza chapati: 'Na maji? Nimefunga hoteli tangu mchukue tangi langu mkalijaze! Wateja wote wamehamia hoteli ya Kavata!') Ngoja, mama yangu, maji ni deliverable, matokeo ya mwisho, mimi bado niko kwa framework, kwenye mpango. (Kicheko.)

"Mhandisi Nzilani akasema tukuze mara mbili, tano iwe kumi, kazi iishe. Ati iishe! Bila public participation, bila kuwashirikisha wananchi? Tukaita mkutano. Kumbe kigeuzi hicho chaweza pia kupangwa kitoe kuanzia hasi kumi hadi chanya kumi, na ndugu zetu wa Ruiru waliposikia kuna upande wa hasi, wakajua ni wao watakaosukumiwa. (Watu wa Ruiru: 'Kama kawaida!') Nikasimama nikaapa: katika uongozi wangu, hakuna mtoto wa Ruiru atakayepewa volti hasi! (Vigelegele. Vuvuzela.) Watu wa Githurai 45 nao, waliokuja bila kualikwa, tukawapa sifuri, maana sifuri haina upande. (Sauti: 'Ngai!')

"Kisha nikauliza, kwa nini mara mbili, kwani sisi ni maskini? Kwa kauli moja tukapitisha mara kumi, tano iwe hamsini. Nzilani akalalamika kwamba volti haziwezi kupita umeme unaolisha saketi, zikifika hapo zinakatwa kichwa. Nikamwambia, madam, katika eneo langu hakatwi mtu. Kwa hivyo utendakazi umepanda kwa asilimia mia tatu na arobaini, na kuridhika kwa wananchi ni asilimia mia moja. (Mama Idah: 'Mliuliza nani?')

"Semeni nami. Volti juu! (Juu!) Hasi chini! (Chini!) Maji? (Wapi?)

"Namalizia kwa shukrani. Asante Nzilani kwa kutuchorea kigeuzi kwenye kadibodi, kinapendeza sana. Asante Mama Idah kwa tangi lililo chini ya kitambaa hiki, kwani bila hilo jukwaa lingeonekana tupu. (Mama Idah: 'Woi, kumbe ndilo hilo! Si mlisema mnalijaza?') Na tutalijaza, mama, mara tu baada ya kamati kukutana Ruiru Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, ambapo ajenda ni moja tu: kama tununue pampu."