Mwanamume Mkiani mwa Kiti

Jumatatu, 6 Mei
Mzee Hargreave, mwenyekiti wetu, ameng'atuka. Kiti cha klabu yetu ya tufe, mchezo wa kubingirisha mipira kwenye nyasi, ni changu! Nimejitazama kwenye kioo nikiwa mwenyekiti. Nimependeza.

Jumanne, 7 Mei
Balaa. Bi Ormerod, mwalimu mstaafu, naye anagombea. Yeye watu wanampenda. Mimi wananivumilia.
Nimepekua kanuni za klabu, zilizoandikwa kwa Kiingereza. Ahaa! Mwenyekiti ameandikwa 'chairman', neno lenye 'man', mwanamume, mkiani. Tena kila anapotajwa mwanachama ni 'he', yeye wa kiume. 'She', yeye wa kike, hayumo hata kwa bahati mbaya.

Jumatano, 8 Mei
Kikao. Nilisoma kanuni kwa upole. Nikasema sina ugomvi na wanawake, natii sarufi tu. Bi Ormerod hakubisha. Aliniuliza kama nina hakika 'he' ni wanaume peke yao. Nikajibu hakika kabisa. Akamwomba katibu aandike jibu langu.
Nimeshinda. Mbona rahisi hivi?

Ijumaa, 10 Mei
Sijashinda.
Kesho wageni wanakuja kutoka klabu ya Skelby kucheza nasi, na hakuna mwanamke aliyetokea klabuni. Kumbe kanuni zinasema mwanachama atakata nyasi kwa zamu: 'he'. Ataandaa chai: 'he'. Atafua vitambaa vya meza, ataosha vyombo, atasugua choo: 'he', 'he', 'he'.
Mke wangu Beryl kalala kwenye kochi, miguu juu. Nimemsihi angalau anikatie matango. Anasema angependa sana, ila sarufi haimruhusu.

Jumamosi, 11 Mei
Siku ya aibu. Nyasi alikata Bwana Pickersgill. Uwanja ulifanana na kichwa kilichonyolewa na mlevi. Tufe zilikwenda zilikotaka. Nahodha wa Skelby aliuma ganda la yai kwenye sandwichi yangu. Chai nilisahau majani. Wageni walikunywa maji moto na maziwa, kwa adabu, wakiangalia chini. Wanawake wetu walikaa mstari wa mbele wakitupigia makofi.
Wanaume wenzangu wakanizingira jikoni. Pickersgill akasema nikamalizane na yule mama, au nisugue choo peke yangu.
Nikamwendea Bi Ormerod. Nikamfafanulia kitaalamu kwamba tangu zamani 'he' ya Kiingereza hubeba watu wote, wanawake wakiwemo.
"Kwa hiyo nami nimo?" akauliza.
"Umo, Bi Ormerod."
"Kwenye vyombo, na kwenye kiti pia?"
Nikalitazama lile lundo la vyombo.
"Kote."
"Katibu, umeandika?" Akavua koti, akakunja mikono ya blauzi. Wenzake wakainuka. Chai ya pili ilikuwa na majani.

Jumapili, 12 Mei
Kura zimepigwa. Bi Ormerod amepita. Mimi nimepata moja, na Beryl anaapa si yake.
Cheo sasa ni 'chair', kiti tu. Mwanamume amekatwa mkiani. Tena Bi Ormerod amenikabidhi kazi ya kuandika upya kanuni, ili kila mtu awemo. Anasema mtu aliyeumizwa na neno atakuwa mwangalifu. Ameniamini!
Nimeanza leo leo. Kila penye 'he' nimeweka 'they', neno lisilo la kiume wala la kike. Kazi safi.
Isipokuwa fungu la vyombo. Hapo nimeandika 'she', kwa herufi ndogo sana. Nani atasoma mpaka huko chini?