Matanga ya Maktaba

Jumatatu, 4 Septemba

Nimeanza shajara. Mtu mwenye mipango mikubwa lazima aache maandishi. Daftari nimelipata leo kwenye droo ya maktaba, wakati wa kikao cha kamati. La kijani, jalada gumu, karatasi nzito ya zamani. Kurasa za mwanzo zimejaa majina na tarehe za watu wengine. Nimeanzia katikati. Hakuna aliyekuwa analitumia dakika ile.

Kikao kibaya. Maktaba yetu ilijengwa kwa mawe ya volkano enzi za Wabelgiji, na lava ya 2002 ilipita hatua chache kutoka ukutani bila kuigusa. Kuta ni nzima. Paa ndilo limeoza. Mama Philomène, mtunza maktaba, anajua kila tundu lilipo. Mawingu yakijikusanya juu ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, anaanza kuhamisha vitabu na kupanga mabeseni. Tunahitaji mabati mia mbili, pamoja na ya chumba cha watoto tunachotaka kuongeza nyuma. Mvua zinaanza mwezi huu. Amesema paa halitavuka msimu mwingine, na vitabu havitavuka nalo. Alisema polepole, anavyosema kila kitu.

Tukafungua sanduku la michango nililoliweka langoni mwezi mzima. Ndani: kifungo cha shati, noti ya dola moja iliyochanika pembeni ambayo hakuna muuza duka wa Goma atakayeipokea, na karatasi ya mwanafunzi anayeomba tumwombee mtihani wa hesabu. Cyprien, makamu wa rais wa kamati na muuza misumari, alicheka mpaka akavua miwani. Mimi ndiye katibu. Sikucheka.

Mzee Alimasi, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Maniema, ametuma habari: atakayeleta paa, jina lake litachongwa kwenye jiwe la mlangoni. Sitafuti sifa. Nataka tu lisomeke kutoka barabarani.

Jumatano, 6 Septemba

Nimechapisha kadi mia nne za Mwanachama wa Heshima, zenye picha ya maktaba na sahihi yangu. Nimeuza mbili. Ya kwanza kwa mke wangu Bénita, aliyesema atalipa akiona faida. Ya pili kwa dereva wa pikipiki aliyedhani ni tombola. Alirudi saa kumi na kaka zake wawili kuuliza ameshinda nini. Nimewapa mwavuli wangu.

Alhamisi, 7 Septemba

Mazishi ya mjomba wa jirani. Mtu mbaya kabisa! Aliwahi kumfungia mbuzi wetu siku mbili kwa sababu alimtazama. Na bado: turubai kubwa, viti mia, maharagwe masufuria matatu, na bahasha zinapita juu ya vichwa vya watu. Watu walewale walioniambia wiki jana kwamba hawana hata franka moja ya maktaba! Cyprien alitoa bahasha yake wima, mbele ya wote, akakohoa ili aonekane.

Nilikuwa natafuna maharagwe nilipoona yote kwa mara moja. Goma haikosi moyo wa kutoa. Inakosa marehemu.

Nimemwambia Bénita: maktaba lazima ife. Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akauliza nani ataosha masufuria. Nimehesabu hiyo kuwa kuniunga mkono.

Ijumaa, 8 Septemba

Kikao cha dharura. Nilieleza mpango: tangazo la kifo, turubai, matanga siku tatu, bahasha, paa. Cyprien alipinga. Alisema maiti haihitaji mabati. Nilimjibu kwamba kwa mawazo ya namna hiyo ndiyo maana anauza misumari mmoja mmoja. Tukapiga kura, nne kwa tatu. Papa Ferdinand alikuwa amelala, lakini mkono wake ulikuwa juu, umeegemeza kichwa. Nimeuhesabu.

Mama Philomène aliuliza yeye atafanya nini hasa. Nilimwambia yeye ndiye mjane. Alifikiri. Alisema hajawahi kuolewa, na ni ajabu kuanzia mwishoni. Kisha alitazama dari, akakubali. Nilimwonea huruma kidogo, maana hakukubali kwa ajili yangu.

Kabla ya kutoka aliuliza kama kuna aliyeona daftari la kuazimia vitabu, lile lenye majina ya wote waliochukua na hawajarudisha. La kijani, jalada gumu, lilikuwa kwenye droo. Nilisema nitafungua macho. Langu pia ni la kijani. Zamani madaftari mengi yalikuwa hivyo.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimepeleka tangazo redioni. Nimeandika kwa machozi ya kweli. Marehemu aliugua paa muda mrefu, ameacha vitabu elfu mbili na Mama Philomène. Msomaji wa matangazo alitaka kuongeza maneno yanayofunga kila tangazo la kifo, kwamba yeyote mwenye kitu cha marehemu akilete kwa familia. Nilimwambia si lazima. Alisema bila hayo watu hawataamini kuna kifo. Hayakuongeza bei. Nikamwachia.

Jumapili, 10 Septemba

Siku ya kwanza ya matanga. Turubai la kukodi, viti, chai, mikate. Bénita na mama sita kwenye masufuria. Mama Philomène katikati, kitambaa cheusi kichwani, mikono juu ya magoti. Watu walianza kufika baada ya misa. Mama mmoja alilia dakika kumi, akajifuta, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa, ni nani alikufa?" Nilimwonyesha jengo. Alilitazama. Akauliza kama maharagwe yameiva.

Nilikaa na sanduku langu karibu na mlango, uso wa msiba. Mtu wa kwanza alitoka kwenye foleni akiwa na mfuko wa plastiki. Niliinuka kupokea. Akatoa kitabu. Alisema amesikia redio, na hawezi kubaki na kitu cha marehemu nyumbani, ni mbaya. Akaniomba nimsamehe kwa niaba ya familia.

Nyuma yake walikuwa wengine kumi. Wote na vitabu!

Kufikia saa nane foleni ilizunguka ukuta. Kitabu kimoja kilifika kwa pikipiki kutoka mji wa Kiwanja, kimefungwa kamba mbili. Kingine kilitoka kwa wavuvi wa Vitshumbi na kinanuka samaki mpaka paka wa jirani alikaa chini ya meza. Mama mmoja alileta kamusi iliyoshikilia mguu wa kitanda chake miaka kumi na tisa. "Tangu jana kitanda yangu inainama," alisema, si kwa kulaumu, kwa kutoa taarifa tu. Fundi wa magari, Nsanzimana, mtu mzima, alilia kuliko wote. Siku ya lava alikimbia akaacha godoro na redio, akabeba kitabu kimoja akidhani ni Biblia. Kilikuwa kitabu cha injini za dizeli. Alikisoma kambini kwa sababu hakuwa na kingine, na ndicho kilichompa kazi. Alimkabidhi Mama Philomène kwa mikono miwili. Mama Philomène alifungua ukurasa wa kwanza, akafunga, akamshika bega. Hata mimi nilisahau sanduku langu kidogo.

Bahasha: hakuna. Kila mtu alihesabu kwamba kitabu ndicho mchango wake. Wakala masufuria matatu.

Jumatatu, 11 Septemba

Vitabu mia tatu na kumi na viwili vimerudi. Ndani hapana nafasi, vimepangwa kwenye viti vya matanga, na wenye msiba wanasimama. Mama Philomène anavigusa kimoja kimoja. Anasema anakumbuka nyuso lakini hawezi kujua bado nani hajarudisha bila lile daftari. Ameuliza kila mwanakamati. Nilimwambia huenda panya wamelila. Alisema panya wake hawali jalada gumu.

Saa tano Mzee Alimasi alipiga simu. Sauti nzito. "Pole sana, mutoto yangu. Nilisikia mu radio. Mungu alitoa, Mungu alichukua." Nilimshukuru. Alisema alikuwa amekwisha kututengea mabati themanini, yalikuwa yafike Alhamisi, alitaka kutushangaza. Lakini maktaba imekufa. Basi jana ameyatoa yote sadaka kwa ajili ya marehemu, kwa shule moja ya Munigi. Yamekwisha kupigiliwa.

Nilimweleza kwamba marehemu hakufa kabisa. Aliuliza maana ya "kabisa". Kisha akasema sadaka hairudi, akakata.

Nimeiambia kamati. Cyprien hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ningependa angecheka.

Jumanne, 12 Septemba

Mwenye turubai alifika saa tatu kulichukua. Siku tatu zimekwisha, anahesabu tangu Jumamosi alipolileta, na ana arusi mtaa wa Himbi. Nilimwonyesha vitabu. Alinionyesha mkataba wenye sahihi yangu, nzuri, ileile ya kwenye kadi.

Alikuwa amekunja nusu wakati tone la kwanza lilipoanguka. Juu ya Nyiragongo kulikuwa kweusi. Ndani ya jengo paa linavuja, nje hakuna paa, na kati yake vitabu mia tatu juu ya viti vya plastiki. Nilitoa amri tatu mfululizo. Hakuna aliyeelewa hata moja. Niliingia chini ya meza kupanga mawazo.

Mama Philomène alipanda juu ya kiti. Miaka yote hii sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alipaza. "Kila mutu abebe kitabu ile alileta! Mulizichunga miaka na miaka, muzichunge tena kidogo. Hapa hakuna mutu alikufa. Na siku kitabu itarudia, irudie na bati yake!"

Alitaka karatasi ya kuandika majina. Daftari hakuna. Aliona kadi zangu kwenye sanduku, mia tatu tisini na nane, nyuma nyeupe kabisa. Aliandika nyuma ya kila moja: jina, kitabu, bati moja. Cyprien alimshikia mwavuli. Watu waliingiza vitabu chini ya mashati, ndani ya vitenge, chini ya kofia za pikipiki. Nsanzimana alikimbia na injini zake kifuani kama mwaka ule. Mvua iliposhika kasi, kwenye viti hapakuwa na hata ukurasa mmoja. Chini ya meza tulikuwa mimi na paka.

Jumamosi, 23 Septemba

Sikuandika siku kumi. Nilikuwa na homa, au hasira.

Wanarudi. Kila siku wanarudi! Bati juu ya kichwa, bati kwenye pikipiki, mabati arobaini kwa safari moja juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, lililolia magurudumu kuanzia mtaa wa Birere. Mama wa kamusi alileta mawili, akasema la pili ni kwa ajili ya miaka kumi na tisa. Mtu wa Vitshumbi alituma moja na samaki. Leo tumefika mia mbili na saba. Mafundi wako juu. Cyprien ametoa misumari yote na hakumwambia mtu, jambo ambalo naliona ni ujanja.

Mzee Alimasi alikuja mwenyewe kumtazama marehemu. Alizunguka jengo mara mbili, akacheka mpaka akahitaji kiti. Atatoa saruji ya chumba cha watoto. Kisha akauliza jina gani lichongwe kwenye jiwe. Nilirekebisha kola. Watu wote, wote, walisema Mama Philomène. Papa Ferdinand aliamka ili kusema Mama Philomène.

Yeye alikataa. Alisema jiwe liandikwe saa za kufungua, maana watu huwa wanakosea. Basi litaandikwa: saa mbili hadi saa kumi, Jumapili hapana. Kwa herufi kubwa, zinazosomeka kutoka barabarani.

Imeniuma. Nasema wazi kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Tangazo la redio liliandikwa na nani?

Jumapili, 24 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nilipita maktaba baada ya misa. Mabeseni yamepangwa nje, yanakinga maji ya kuoshea sakafu. Ndani pakavu. Kelele za mabati mapya zilikuwa kubwa hata sikuweza kuhutubia.

Nyumbani, kwa kukosa kazi, nimesoma kurasa za mwanzo za daftari hili. Ni lenyewe. Majina yote, vitabu vyote, kwa mwandiko wa Mama Philomène tangu alipokuwa msichana. Ukurasa wa tano: Grégoire, yaani mimi, mwaka wa sita wa shule ya msingi, Ufugaji wa Sungura. Pembeni, kwa wino mwekundu: bado. Nakumbuka. Sungura walikufa wote. Kitabu hakikuwa na kosa, sikukifungua.

Kiko juu ya kabati. Ningeweza kukirudisha, lakini linahitajika bati, na mimi nimekwisha kutoa wazo. Daftari nalo haliwezekani kabisa. Mambo ya kamati ni ya siri, na zimebaki kurasa hamsini nzuri.

Ninazihitaji. Chumba cha watoto kitakosa viti, na nimeona yote kwa mara moja: arusi! Kwenye arusi watu huleta vitu, siyo vitabu. Maktaba itaolewa. Nimemwambia Bénita. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, "Papa Jeancy, itaolewa na nani?" Hayo ni mambo madogo. Tangazo la redio liko tayari.

Jioni Mama Philomène amepita na mwavuli kuuliza tena habari za daftari. Anasema amebakiwa na mtu mmoja tu ambaye hakumbuki vizuri, wa sungura. Nimemkaribisha chai, daftari nimelikalia. Nimemwambia asijisumbue, amezoea kuwaamini watu sana. Watu wa mji huu hawana tabia ya kurudisha vitu.