Mitaa Tisa ya Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mwezi wa pili ugenini. Leo nimepotea mara nne tu. Ijumaa zilikuwa sita, kwa hiyo napiga hatua. Kazi yangu ni kupelekea wateja wa dobi nguo zao. Anwani inasema Mtaa wa Jenerali. Kibao kinasema Mtaa wa Umoja. Bibi mmoja dirishani kasema wote waongo, hapa ni Mtaa wa Kinu tangu aolewe. Kumbe kila baraza jipya la mji huja na majina yake. Dobi, tajiri wangu, hataki kusikia hayo. Nikichelewa tena, nifungashe virago. Bila kazi sina kibali. Bila kibali narudi kwetu, kwa shemeji aliyeapa sitamaliza miezi mitatu. Hiyo raha simpi ng'o.

Jumanne, 4 Machi
Dira ni mpeleka nguo mwenzangu. Mgeni vilevile, ila hapotei, na maringo juu. Nimemwomba siri yake. Kasema niulize watu. Roho mbaya tupu. Nimegundua dawa: naachana na majina, naenda kwa alama. Mlango wa buluu, kata kulia. Mbwa amelala, nyoosha. Akili ninazo.

Jumatano, 5 Machi
Mlango umepakwa kijani. Mbwa kaamka. Mapazia ya daktari wa meno nimeyapeleka kwa fundi baiskeli, naye kayatundika, yamempendeza. Tajiri kanipa nafasi ya mwisho: kesho, saa nne asubuhi, suti ya bwana harusi, Mtaa wa Jenerali. Nimeomba mbao za masanduku ya sabuni na kopo la rangi. Sisemi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshinda! Saa moja nilivaa fulana ya kung'aa, nikabeba ngazi. Nikamwona yule bibi wa dirishani akipita mbele ya duka letu, akitoka sokoni kurudi kwao, Mtaa wa Jenerali. Nikamfuata, na kila mtaa tuliopita nikapigilia kibao chenye jina langu juu ya kile cha zamani. Mitaa tisa. Askari wa barabarani alinishikia ngazi, akanipa pole na kazi. Kufika kwa bwana harusi, suti nimeiacha dukani. Si neno. Nikarudi, nikaichukua, nikalifuata jina langu mpaka mlangoni. Saa nne kasoro dakika tatu, mwenyewe bado na taulo. Tajiri kanipa mkono. Dira kazunguka hadi alasiri, kila kona anakuta jina langu. Karudi hoi, kauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia aulize watu.

Ijumaa, 7 Machi
Karani wa baraza kaja dukani na kibao changu mkononi. Nikajua leo ndio leo. Kumbe katumwa kunishukuru. Wamegombania majina miaka na miaka, wakapata moja lisilomuudhi mtu kwa sababu hakuna anayenijua. Limepitishwa kwa mitaa yote tisa. Nimemwandikia shemeji barua ndefu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepotea mara kumi na moja. Kila mteja anaishi kwenye jina langu. Tajiri kafoka: Jumatatu nikichelewa, basi. Wala sina wasiwasi. Ngazi nimeshaazima, rangi ipo. Mitaa minane naipa jina la shemeji.