Mbuzi Mwenye Ini la Ng'ombe

Jumatatu, 10 Novemba. Mwaka wa pili tangu nitoke kwetu Malava.
Nimepanda cheo! Machinjio yetu hapa Changamwe sasa yanakaguliwa kwa simu. Daktari Shaza yuko ofisini kwake, mimi namwonyesha viungo kwa video, yeye anasema kama nyama iuzwe. Kuosha matumbo, kwaheri! Nimempigia mke wangu Nafula, nikamwambia mimi ni daktari msaidizi. Kufikia jioni kijiji kizima kimejua.

Jumanne.
Aibu. Daktari ametaka kuona bandama. Kwetu sijalisikia neno hilo. Faki, mchuna ngozi anayeitamani kazi yangu, akaninong'oneza kwamba bandama ni mkia. Nikaupeperusha mkia mbele ya kamera. Daktari akauliza kama namfukuzia nzi. Mzee Hadi, mwenye machinjio, akaapa: wallahi nikikosea tena, simu ni ya Faki, nami nirudi kwenye matumbo. Nafula nitamwambia nini?

Jumatano.
Leo Faki amejaribiwa kwa ng'ombe. Nikagundua daktari huita viungo kwa mpangilio uleule: mapafu, moyo, ini, bandama, figo. Nikasimama nyuma ya Faki, nikarekodi yote kwa simu yangu. Kesho zamu yangu. Nitaiweka simu yangu mbele ya simu ya kazi, basi. Kichwa hiki!

Alhamisi.
Nani alijua kuna harusi mtaani Mjambere, na leo ni mbuzi watupu? Video inacheza, mimi natabasamu. Daktari akasema, "Kefa, mbuzi huyo aliishije? Ini lake kubwa kuliko yeye." Nikamjibu ni mbuzi wa bara. Faki akacheka mpaka akakalia ndoo.
Nyama haikutoka hadi daktari alipokuja mwenyewe, wapishi wa harusi wakifoka langoni. Akakagua mbuzi wote, nyama yao ikawa salama. Bandama akaniinulia hadi puani, akanieleza taratibu. Mzee Hadi akanipa ndoo ya matumbo.

Ijumaa.
Naosha matumbo, lakini moyo mweupe. Jana daktari akinifundisha, nilirekodi kila kitu! Bandama yenyewe sikuitazama, nilikuwa nahangaika na simu. Haidhuru, imo humo. Nafula asema ng'ombe wa baba yake anaumwa, wananisubiri mimi, daktari wao. Nimemwambia awafunge kamba ng'ombe wote, na mbuzi pia. Tarehe ishirini na mbili Desemba nashuka Malava, simu imejaa chaji.