Kamera Isiyohitaji Mtu

Jumatano, 7 Agosti 2024

Shajara, niwie radhi. Sijakuandikia tangu Pasaka. Sikuwa na jambo lenye uzito. Sasa ninalo.

Jumapili kwaya yetu ya Isevya inafanya tamasha. Mke wangu, Koleta, ataimba ubeti mzima peke yake, kisha anastaafu; koo limechoka. Mama yake yuko kijijini Lusu, miguu haimbebi tena, na hajawahi kumwona mwanawe akiimba mbele za watu. Koleta hataki zawadi nyingine. Anataka mama yake aione video. Nimemwahidi.

Vedasto, mpiga picha wa harusi zote za mtaani, alitaka kurekodi kwa kamera mbili na fulana yake ya mifuko mingi. Nimeieleza kamati kwamba hahitajiki. Mpwa wangu Godbless ameniazima kamera ya 4K. Picha yake ni kubwa mara nne kuliko ya kawaida. Unaisimamisha nyuma ya ukumbi, inachukua kwaya yote. Baadaye, mezani, unakata uso mmoja unaoutaka, nao unabaki safi kabisa. Haihitaji mtu! Kamati imeafiki.

Vedasto aliuliza kama kamera hiyo inaweza kusogea. Nikamjibu kwamba kitu bora hakisogei.

Ijumaa, 9 Agosti

Jaribio wakati wa mazoezi. Nimekuza safu ya nyuma kwenye kompyuta. Masanja wa besi anatafuna karanga wakati wa sala! Maganda yanaonekana. Nimemjulisha mwenyekiti. Masanja hanisalimii tena. Ubora una gharama zake.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeisimamisha kamera nyuma, nikabonyeza, nikaenda kuketi mbele karibu na paroko. Nani mwingine angerekodi huku ameketi?

Koleta akaimba. Sitaandika mengi. Kulikuwa na vumbi ukumbini, likaniingia machoni.

Mwimbaji kama huyo hutuzwa papo hapo akiimba. Alipofungua kinywa tu nilisimama wa kwanza, kama impasavyo mume, nikakikunjua kitenge cha kumtuza kwa mikono yote miwili. Wengine wakanifuata. Hata Vedasto alikuja, simu juu, akijirekodi pembeni ya mke wangu na kukenua kama aliyemfundisha kuimba. Sikumjali. Kamera ilikuwa kazini.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimehariri. Nyimbo zote safi. Nikafika kwenye ubeti wa Koleta.

Mgongo.

Nikakuza. Mgongo mkubwa zaidi. Mishono ya koti langu inaonekana, uzi kwa uzi. Pale mgongo ulipoishia, kitenge kimeanza. Ubeti wote!

Nilimwambia Koleta kwamba kuna hitilafu ndogo ya kiufundi. Akatazama mpaka mwisho. Akasema, "Baba Elieth, koti hilo nalipiga pasi mwenyewe. Mama hakuomba kuliona."

Chai ya jioni imekuja bila sukari.

Jumanne, 13 Agosti

Koleta amekwenda mwenyewe kwa Vedasto, akarudi na ile video ya simu. Inatetemeka. Lakini uso wake umo, wote, mdomo wazi, machozi mashavuni. Pembeni yake yamo meno ya Vedasto.

Nilijaribu kumkata Vedasto. Haiwezekani. Simu yake ni ya zamani, picha ni ndogo. Nikikuza kidogo tu, mke wangu anageuka vimraba kama matofali. Ama wawili, ama hakuna.

Vedasto anakwenda Lusu.

Alhamisi, 15 Agosti

Lusu. Kwa heshima ya ukwe sikuingia. Nimeketi uani, nimeupa mlango mgongo, kama nifanyavyo tangu nilipooa. Niliyasikia yote.

Koleta alianza na video yangu. Mama mkwe akasema kwa Kinyamwezi, "Huyu namfahamu, ni mkwe wangu. Mgongo huo naujua. Na mwanangu yuko wapi?"

Ikafuata ya Vedasto. Halafu kilio, halafu kicheko, halafu wimbo ukaanza upya, na tena. Baadaye mama akauliza kijana mwenye meno mazuri ni nani, akambariki yeye na uzao wake.

Koleta alitoka macho mekundu, akanimiminia chai. Ilikuwa na sukari. Nikadhani yamekwisha.

Lakini nimetafakari njia nzima ya kurudi. Mama mkwe alinitambua papo hapo! Kwa mgongo tu, kutoka nyuma ya ukumbi! Simu ya Vedasto ingeweza hilo? Nimemwomba Godbless atafute ya 8K.

Jumamosi kamati inakaa kuamua nani atarekodi tamasha la Krismasi. Nimeiomba kazi hiyo kwa maandishi. Watakapokata shauri nitaandika hapa. Advera, mwanakwaya mwenzake Koleta, ndiye atakayeimba ubeti, na lazima atuzwe. Kitenge nimekwisha kununua. Hiki ni kipana zaidi.