Wageni Kumi na Wanne wa Ukoo Wangu

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Nimejaza! Nyumba yangu ya kupangisha wageni hapa Old Moshi imepata watu kumi na wanne kutoka Mwanza, wiki nzima ya Krismasi. Vyumba ni vitatu. Sheria ndogo ya kijiji inasema wawili kwa chumba. Hao ni sita. Wanane nimewatandikia magodoro sebuleni, koridoni na kwenye stoo ya kahawa. Mke wangu Goodness kasema nitafungiwa. Nimemwambia hana jicho la biashara.

Jumapili, 21 Desemba

Nusura nifungiwe. Jirani yangu Primus, ambaye nyumba yake ya wageni haijawahi kulaza hata paka, katoka misani moja kwa moja hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji, Mama Doris, kaja na daftari akahesabu miswaki bafuni. Kumi na minne! Akasema kesho anachukua leseni. Leseni hiyo ndiyo ada ya binti yetu Kindness.

Ndipo akili ikanijia. Nikasema hawa si wapangaji, ni ndugu zangu, wamerudi kula Krismasi kama Wachaga wote. Ndugu hawahesabiwi, sheria yenyewe inasema. Mama Doris akamsalimia kiongozi wao, Sirili. Jina linapita kama la Kichaga. Lafudhi haipiti hata kidogo. Kataka mkubwa wa ukoo asaini kwamba ni ndugu kweli.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimempelekea baba mkubwa Ebenezeri mbege, pombe yetu ya ndizi, galoni zima. Shikamoo nimempa mara tatu. Nikamweleza kwamba wageni wangu ni wajukuu wa mdogo wake aliyekwenda Mwanza zamani asirudi. Nilimchagua huyo kwa kuwa hana wa kubisha. Mzee akalia! Akasema alidhani ule mlango wa ukoo umefungwa. Kasaini mbele ya majina yote kumi na manne huku anafuta machozi. Nilijisikia vibaya. Nikala ndizi alizonipa, ikapita.

Mama Doris kagonga muhuri. Primus kanuna hadi masikio. Raha!

Alhamisi, 25 Desemba

Sikukuu gani hii! Baba mkubwa kaitisha ukoo mzima kwangu bila kuniuliza. Mbuzi wawili wamechinjwa, wote wangu. Nyama ikagawiwa kwa heshima ya kila mtu. Sirili kapewa kidari. Mimi shingo.

Kisha mzee akasimama na kutangaza kwamba kihamba cha marehemu mdogo wake kimepata wenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kihamba hicho, shamba la urithi lenye migomba na kahawa yote, ndicho ninachokilima mimi miaka yote hii. Na nyumba ya wageni nimeijenga katikati yake.

Sirili akauliza mpaka unaishia wapi.

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba jamani, hawa ni wapangaji, wamelipa. Mama Doris, ambaye naye alialikwa, akatoa karatasi yenye muhuri. Akaniuliza kwa upole niliyemdanganya ni serikali au ni mzee wangu. Nikasema basi, hawa ni ndugu zangu. Baba mkubwa akataka kujua tangu lini mtu anamtoza ndugu yake kwa kulala kwenye shamba la babu yao. Nimerudisha pesa zote mbele ya watu. Goodness ndiye aliyekwenda kuzileta, tena mbio.

Jumapili, 28 Desemba

Wameondoka. Sirili kanikumbatia, kaniita baba mdogo, kachukua ufunguo wa nyumba ya wageni. Pasaka watakuja thelathini. Leseni bado ninayo ukutani, safi kabisa, haina nyumba. Nimelia kidogo bandani. Ng'ombe hakujali.

Halafu nikaisoma tena ile sheria, mstari kwa mstari. Wafiwa nao hawahesabiwi! Msiba hauna idadi, watu wanalala popote. Na bado tuna nyumba hii tunayolala mimi na Goodness, vyumba viwili. Nimeshawakubalia wapanda mlima ishirini wa Februari na nimeagiza turubai. Primus atapasuka.

Goodness kauliza marehemu atakuwa nani. Nimemwambia asinichoshe na mambo madogo. Tangu hapo ananitazama kwa makini sana.