Malalamiko Kuhusu Jeneza Lenye Kioo na Dhamana ya Miaka Miwili

Kwa Mkurugenzi,
Karakana ya Samani.

Mheshimiwa Bi. Mkurugenzi,

YAH: KOMPYUTA INAYOUZA VITU ISIVYOVIJUA

Natumaini hujambo, pamoja na watoto. Huku karakanani tu wazima, ila mimi moyo unanichemka. Na kwa kuwa nilikujua ukiwa bado unachezea maranda chini ya benchi la marehemu baba yako, nitasema bila kuzunguka.

Barua yako ya Alhamisi nimeipata. Umesema nikitengeneza tena kitu tofauti na karatasi ya oda inayotoka kwenye kompyuta, nikabidhi ufunguo wa karakana. Ufunguo huo nimeubeba miaka kumi na tisa. Kwa heshima zote, binti yangu, kabla sijauvua shingoni naomba usome haya.

1. Zamani mteja alikaa mbele ya Mama Daftari, karani wetu wa oda, akaulizwa kwa mdomo anataka nini, na kama hajui akaambiwa. Siku hizi anabonyeza mwenyewe. Kwa kiti kimoja anapewa mbao tatu, rangi nne, miguu aina tatu, vitambaa vinne, na mikono iwepo au isiwepo. Nimepiga hesabu: ni viti mia mbili themanini na nane tofauti. Mimi nina randa mbili na mgongo mmoja.

2. Kompyuta inakubali mlango ufungukie kushoto tu. Mfamasia wa barabara ya pili alitaka wa kulia, ikamgomea. Tukampelekea wa kushoto. Sasa ukiufungua unagota ukutani, na wagonjwa wanaingia kwa ubavu. Yule jirani yake mnene wa duka la vyuma amelazimika kununua dawa kupitia dirishani.

3. Muuguzi mmoja aliagiza kitanda cha mtoto mchanga. Kompyuta ikakataa kuendelea mpaka achague droo nne za chini, eti kila kitanda lazima kiwe nazo. Akachagua, maskini, afanyeje? Mtoto sasa analala juu kuliko mama yake, na akilia watu wanatafuta ngazi.

4. Jeneza limewekwa kwenye kundi la makabati. Familia iliyofiwa ikalazimishwa kuchagua idadi ya rafu, kioo na kufuli. Rafu nilizing'oa mwenyewe, maana marehemu angelala wapi? Na hilo ndilo kosa langu uliloliandikia barua. Kioo na kufuli nikaviacha, nisije nikaitwa mkaidi. Pale makaburini mjane akauliza ufunguo akae nao nani. Jamani! Kisha shemeji yake akakuta karatasi ya dhamana chini ya kifuniko: miaka miwili, na mteja asiporidhika apige simu. Niliona haya mpaka nikajificha nyuma ya gari.

5. Kama ndivyo tunavyokwenda, basi na mimi niingizwe humo. Andikeni: Fundi Mkuu. Hali ya asubuhi: mpole au mkali. Mgongo: mzima au unaouma. Mteja akichagua mpole pamoja na mgongo unaouma, kompyuta ikatae, maana hao wawili hawajawahi kukaa pamoja.

Ombi langu ni dogo. Ama kompyuta ishushwe hapa chini, ivae aproni, ipige randa tuione. Ama Mama Daftari, mliyempandisha ofisi ya juu na hatujui anafanya nini huko, arudishwe mezani pake. Yule mama ana akili ya kuuliza. Hajawahi kumuuzia maiti kioo. Chagua wewe, lakini ufunguo sitoi.

Nisalimie mama yako, mumeo, mhasibu, na dereva wa gari la mizigo, ambaye hatuongei lakini hana neno.

Ni mimi, mwenye hasira ya haki,

Fundi Mkuu.

TANBIHI: Barua hii nilimpa Mama Daftari anisahihishie kabla sijaifunga. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndiye anayeingiza masharti yote ndani ya kompyuta! Anasema miezi mitatu iliyopita alishuka kuniuliza, na majibu yangu anayo, na tarehe zake. Milango ifungukie wapi? Nilisema kushoto, huko kwingine ni kwa mafundi wavivu. Vitanda je? Nilisema kitanda kisicho na droo ni benchi, vyote viwe nazo, bila kubagua. Jeneza aliweke wapi? Nilikuwa na misumari mdomoni. Nikamwambia ni kabati lililolazwa tu, asinisumbue. Ni kweli, nilisema. Kwa mjane yule nakwenda leo hii kuomba radhi, na sitasema ni kompyuta. Jumatatu nitapanda ofisi ya juu Mama Daftari aniulize yote upya. Nimemwomba jambo moja tu: aniulize polepole, na wewe usiwepo.